Maji ya Jumapili Iliyopita

Sajini Kasmir alitoka kituoni saa tisa na nusu alasiri, Jumapili ya tarehe kumi na mbili Januari, mwaka 1958. Alikuwa amevaa kiraia: suruali ya kaki, shati jeupe la mikono mifupi na kofia ya pama. Kwapani alibana jalada jembamba. Kesho yake saa tatu asubuhi jalada hilo lingefikishwa kwa hakimu, na Seifu, fundi wa karakana ya reli kule mtaa wa Gerezani, angesomewa shtaka la kuua.

Kwenye ngazi za kituo alikuwa amekaa Sitara, dada yake Seifu, na bakuli la chakula limefungwa kwa kitambaa mapajani.

"Shikamoo, bwana sajini."

"Marahaba. Bado uko hapa?"

"Niende wapi? Wamesema leo hapokei mtu." Alisimama. "Kaka yangu siku ile alikuwa amelala. Alitoka zamu ya usiku, akalala tangu saa nne asubuhi mpaka magharibi. Mimi ndiye niliyemwamsha."

"Umeshayasema hayo."

"Mara nne. Mnayaandika?"

"Tumeyaandika."

"Basi mbona hamyasomi?"

Kasmir alishuka ngazi, akashika njia ya Kariakoo.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi mno, na hilo ndilo lililomkera. Nassibu mpiga picha, kijana mcheshi wa Mchafukoge, kila Jumapili alisimamisha sanduku lake la kupigia picha kando ya mto Msimbazi, watu wa mjini wanakokwenda kupunga upepo. Mwezi mzima alikuwa ametundika picha ya Sitara kwenye ubao wake wa matangazo, na Sitara hakuwa amempa ruhusa. Ijumaa ya tarehe tatu Seifu akamfuata sokoni, akaing'oa picha, akapiga kelele mbele ya umati: "Nitakutosa mtoni, wewe na sanduku lako!" Jumatatu alfajiri Nassibu akaokotwa kwenye mikoko, amekufa maji, na jeraha kisogoni. Daktari alisema alikufa Jumapili jioni.

Halafu akaja shahidi. Shahidi mmoja tu, lakini wa kuaminika: Tarsis, mwenye duka la maharage na vitunguu Mtaa wa Sikukuu, mzee wa kanisa, mtu asiyejulikana kwa ugomvi. Yeye alimwona Seifu akivuka mto na sanduku la marehemu begani. Polisi walipokwenda ng'ambo ya mto walilikuta sanduku pale pale aliposema. Inspekta, Mwingereza aliyependa majalada membamba, alitia sahihi siku hiyo hiyo.

Tarsis alikuwa pia mtu wa kwao Kasmir, Kibosho. Kasmir alipoteremka mjini mwaka arobaini na tisa bila pa kulala, Tarsis ndiye aliyempa godoro kule stoo, katikati ya magunia. Mpaka leo alimwita kaka. Kwa sababu hiyo hasa alitaka kuiona njia ile kwa macho yake kabla ya kesho, siku ile ile ya Jumapili na saa ile ile.

Alikatiza Jangwani, akaifikia njia ya mtoni saa kumi kasoro dakika kumi. Watu walikuwa wengi. Makarani waliovaa suti za kitani walitembea wawili wawili, mikono nyuma. Wauguzi watatu walipita na miavuli. Baba mmoja wa Kigoa alikuwa ameshika viatu vya watoto wake, watoto wenyewe wakikanyaga tope pembeni. Kila aliyepita alimtazama Kasmir mara mbili, maana mtu anayetembea Jumapili na jalada kwapani, huku akihesabu hatua, hajaja kupunga upepo.

Alisimama kwa muuza kashata.

"Jumapili iliyopita ulikuwepo?"

"Nipo kila Jumapili, bwana."

"Saa kama hizi njia ilikuwa na watu wengi namna hii?"

Muuza kashata alitikisa kichwa. "Saa kumi? Hapakuwa na mtu. Kikundi cha tarumbeta kilipita Jangwani, wote wakakimbilia huko. Hata mimi nilijitwisha sinia nikawafuata."

"Nassibu je?"

"Yeye alibaki. Alisema mwanga ni mzuri, kuna watu wanakuja kupigwa picha." Akapunguza sauti. "Wewe ni askari?"

"Watu gani?"

"Hakusema. Na mimi sikuuliza."

Kasmir aliandika saa na maneno hayo kwenye daftari, akaendelea mpaka kwenye mkwaju uliokuwa umeinamia njia. Hapo alifungua jalada, akasoma maelezo ya Tarsis kama konstebo alivyoyaandika:

*Nilikuwa natembea peke yangu kupunga upepo. Ilipata saa kumi. Tulipofika kwenye mkwaju nilimwona Seifu, fundi wa reli ninayemfahamu, akivuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa amebeba sanduku la picha begani. Alifika ng'ambo akalitupa kwenye mikoko, akaenda zake.*

Kutoka kwenye mkwaju mpaka mtoni alihesabu hatua sitini na nane. Jua lilikuwa nyuma yake. Uso wa mtu aliyeko pale mtoni ungeonekana sawasawa. Na mawe yalikuwepo, tisa, yamepangana toka ukingo huu mpaka wa pili, migongo yao mikavu, maji yakipita chini chini katikati yake.

Aliteremka. Akatafuta gogo la uzito wa sanduku la picha, akalitia begani, akakanyaga jiwe la kwanza. La pili. Kwenye la tano aliyumba kidogo, akajishika. Akafika ng'ambo, akageuka, akarudi. Viatu vyake vililowa soli tu. Alitazama saa: saa kumi na dakika sita.

Maelezo yalikuwa yamesimama imara. Kasmir alilitupa gogo, akapangusa bega, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alipumua vizuri. Tarsis hakusema uongo. Kesho jalada liende.

Ndipo aliposikia kicheko.

Chini kidogo ya mawe, wanawake watatu walikuwa wamesimama majini, yamewafika magotini, wamekunja nguo zao na kutandaza kanga kuukuu baina yao. Walikuwa wakitanda uduvi, wakiwanasa kwa kanga hiyo. Aliyecheka alikuwa mkubwa wao, mwanamke mnene mwenye kilemba cha bluu. Jina lake, kama Kasmir alivyokuja kuliandika baadaye, lilikuwa Mwanamkuu.

"Baba, unajifundisha kuvuka?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuona unakwenda na gogo, unarudi na gogo. Tukasema huyu kapatwa na shetani."

"Natazama kama mtu anaweza kuvuka hapa saa kumi na mzigo begani."

"Leo anaweza."

Kasmir alikuwa ameshaanza kupanda ukingo. Aligeuka. "Leo?"

"Leo, ndiyo. Umevuka mwenyewe."

"Na Jumapili iliyopita?"

Mwanamkuu aliwatazama wenzake, wote watatu wakacheka tena. "Jumapili iliyopita, saa kumi? Labda awe kiboko."

"Mvua haijanyesha tangu kabla ya Krismasi, mama. Mto ungejaa kwa nini?"

"Nani kataja mvua? Nasema bahari." Alionyesha kwa kidevu upande wa Daraja la Salenda. "Bahari inaingia mpaka hapa, baba. Wewe mtu wa wapi?"

"Moshi."

"Ndiyo maana. Jumapili ile mwezi ulikuwa kumi na nne, mpevu. Hayo ni maji ya bamvua. Saa kumi yalikuwa yamejaa mpaka kule." Alinyosha kidole kwenye ukingo, juu ya kichwa cha Kasmir, penye mstari wa majani makavu, vijiti na povu lililokauka. Kasmir alikuwa ameupita mstari huo mara mbili bila kuujali. "Na maji kila siku yanachelewa, karibu saa nzima kuliko jana yake. Hesabu siku saba. Leo ni maji mafu, na saa kumi yametoka. Sisi tungekuja kutanda uduvi hapa Jumapili ile saa kumi, tungezikwa."

Kasmir hakucheka. Mito ya kwao Kibosho ilishuka kutoka mlimani mchana na usiku, haikujua kitu kingine; ilijaa kwa mvua, ikapungua kwa jua. Miaka tisa alikuwa amekaa mjini, na bahari aliijua kwa kuitazama tu.

Alitoa kamba na futi ya kukunja mfukoni. Mwanamkuu akashika ncha moja kwenye mstari wa takataka, Kasmir akasimama kwenye jiwe la tano, wakaivuta kamba sawa sawa, naye akapima kushuka mpaka mgongo wa jiwe. Alipima mara mbili. Futi sita na inchi nne. Seifu hakuwa mtu mrefu. Kwa maelezo ya Tarsis, alikuwa ametembea juu ya mawe hayo maji yakiwa yamempita utosi.

"Utakubali kuyasema haya mbele ya hakimu, mama?"

"Nitayasema. Lakini huyo mzungu wako atanisikiliza mimi, mtanda uduvi?"

Swali hilo ndilo lililompeleka Kivukoni.

Alikodi baiskeli Jangwani, akakanyaga bila kupumzika mpaka kwenye ofisi ya bandari. Karani wa zamu alikuwa peke yake, amevua viatu, anakunywa chai. Ukutani nyuma yake kulikuwa na karatasi ndefu zilizochapwa, safu kwa safu.

"Hizo ndizo saa za maji?"

"Ndizo. Unataka ya kesho? Unavuka Kigamboni?"

"Nataka ya Jumapili iliyopita."

Karani alishusha kikombe. "Kazi hii nimeifanya miaka sita. Watu huja kuuliza maji ya kesho. Ya wiki iliyopita hayana mteja."

"Leo amepatikana." Kasmir alimwonyesha kitambulisho.

Karani akavaa viatu. Alipitisha rula chini ya mstari, akasoma: Jumapili tarehe tano, maji kujaa, saa kumi na dakika kumi na nane alasiri. Akashusha rula. Jumapili tarehe kumi na mbili, yaani leo, maji kupwa, saa kumi na dakika mbili.

"Na Jumatatu, tarehe sita?"

"Kupwa, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Maji yalitoka sana siku hiyo."

"Niandikie yote matatu. Tia sahihi na mhuri."

Kasmir alitoka nje na karatasi yake, akakaa juu ya ukuta mfupi wa ofisi, jalada magotini. Sasa alilisoma kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza, na akaanza na saa. Jumatatu ile, mwili wa Nassibu ulipatikana alfajiri. Saa nne na dakika arobaini maji yalikuwa yametoka, mawe yamekauka. Tarsis aliingia kituoni kutoa maelezo saa sita kasorobo. Ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu cha zamu. Kasmir aliwatuma makonstebo wawili wakalitafute sanduku, nao hawakuvuka kwenye mawe. Walizunguka kwa baiskeli mpaka Salenda, wakatokea upande wa pili, saa nane mchana. Aliwagombeza kwa uvivu. Wao walimwambia mto haupitiki, naye hakuwasikiliza.

Basi mtu aliyeyaona mawe yakiwa makavu na sanduku liko ng'ambo hakuyaona Jumapili saa kumi. Aliyaona Jumatatu, kabla ya saa sita. Sanduku halikubebwa na mtu. Lilianguka majini upande wa mjini, likaelea, maji yalipotoka likaachwa kwenye mikoko. Tarsis alikuta mambo yamekaa hivyo, akayatungia hadithi. Na ili mtu akumbuke kurudi pale asubuhi kutazama, lazima awe alikuwepo jioni yake.

Alisoma tena maelezo, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. *Nilikuwa natembea peke yangu.* Kidole kikasogea. *Tulipofika kwenye mkwaju.*

Kikasimama hapo.

Konstebo aliyeandika alikuwa mtu wa kuandika kila kitu kama kilivyotamkwa. Alikuwa na sifa hiyo, na wenzake walimcheka kwayo. Peke yangu, halafu tulipofika. Nani na nani?

Saa kumi na mbili jioni Kasmir alipiga hodi dukani Mtaa wa Sikukuu. Mlango wa mbele ulikuwa nusu wazi. Tarsis alikuwa ndani anafunga gunia la maharage kwa sindano ya kushonea, mtu wa miaka arobaini na mitano, mpana wa mabega, miwani puani.

"Karibu, mdogo wangu! Leo hukuonekana kanisani."

"Kazi, kaka. Jalada linaenda kesho. Nimekuja kuhakiki maelezo yako ili usisumbuliwe mbele ya hakimu."

"Si niliyasema yote?"

"Ulisema. Wakili akija atauliza vitu vidogo vidogo. Bora niviandike mimi."

Tarsis alivuta kigoda, akamsogezea. Kasmir alifungua daftari juu ya gunia.

"Ulipomwona Seifu anavuka, maji yalikuwa wapi?"

"Maji?" Tarsis alicheka kidogo. "Maji yalikuwa mtoni."

"Kwenye mawe yalifika wapi?"

"Chini. Mawe yalikuwa makavu. Uliyaona mwenyewe, nadhani."

"Niliyaona leo. Alikuwa amevaa viatu?"

"Alivaa. Nakumbuka kabisa, hakuvivua. Angevivua kwa nini?"

"Hakulowa?"

"Soli labda."

"Kwenye jiwe lolote aliyumba?"

Tarsis alifikiri. "Katikati aliyumba. Sanduku ni zito lile."

Kasmir aliandika polepole, akamsomea tangu mwanzo, akamgeuzia daftari. Tarsis alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatia sahihi kwa herufi nzuri za shule ya misheni. Kasmir alisubiri wino ukauke. Kisha akatoa karatasi yenye mhuri wa bandari, akaiweka juu ya sahihi ile.

"Soma, kaka."

Tarsis alisoma. "Sielewi. Hizi ni saa za nini?"

"Za bahari. Bahari inaingia Msimbazi. Na mimi nilikuwa sijui, mpaka leo. Jumapili ile saa kumi mawe yalikuwa chini ya maji futi sita na inchi nne. Seifu hakuvuka. Hakuna mtu aliyevuka."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni. Tarsis alisubiri mpaka mlio wa magurudumu uishe.

"Labda nilikosea saa."

"Ulikosea siku. Ulikwenda Jumatatu asubuhi, maji yametoka, ukaona mawe, ukaona sanduku. Ulikwenda kutafuta nini?"

"Kasmir."

"Ulikwenda kutafuta nini, kaka?"

"Wewe ulilala humu." Tarsis hakupandisha sauti. Alionyesha kwa sindano pembe ya stoo. "Pale. Miezi mitano. Nani alikwambia polisi wanaandikisha watu? Nani alikuandikia barua?"

"Wewe."

"Halafu unakuja na karatasi ya bahari."

"Seifu atanyongwa kwa maneno yako."

"Alimtishia mtu mbele ya soko zima! Mimi sikumtia maneno mdomoni."

"Ulisema ulikuwa peke yako," Kasmir alisema. "Halafu ukasema ‘tulipofika’. Ulikuwa na nani?"

"Mtu anaweza kuteleza ulimi."

"Ulikuwa na nani?"

Pazia la mlango wa uani lilisogezwa. Blandina, mke wa Tarsis, alisimama pale na mwiko mkononi. Macho yake yalikuwa kwa mumewe, na hakumwamkia mgeni. Ilionekana alikuwa nyuma ya pazia muda mrefu.

"Mwambie," alisema.

"Rudi jikoni, Blandina."

"Wiki nzima nimekaa na mtu hali, halali, analia kwenye mto wa kulalia asisikike. Nikimuuliza ni nini, ananiambia homa. Homa gani hiyo inayotaka kanga yangu ya kufunikia uso kila mtu akitaja mto?" Akamgeukia Kasmir. "Candida yuko uani. Kamuulize yeye."

Candida alikuwa mke wa Marcelino, mdogo wake Tarsis. Marcelino alikuwa nyumbani Kibosho tangu Oktoba akiuguza baba yao. Mkewe alikuwa ameachwa mjini chini ya uangalizi wa shemeji.

Tarsis alikaa juu ya gunia lake. Ile sindano ilikuwa bado mkononi. Kasmir aliichukua, akaichomeka kwenye gunia, akamwambia kwa upole avae koti. Tarsis hakubisha. Alivaa, akakosea kishikizo cha kwanza, akavifungua vyote akaanza upya.

Candida akaitwa kutoka uani, wakaenda kituoni kwa miguu, wote wanne, Blandina akiwa amemshika Candida mkono. Mtaani watu waliwaamkia kama watu wanaotoka kutembea. Inspekta aliitwa kutoka kwake. Alisoma karatasi ya bandari akiwa amesimama, akauliza mambo mawili juu ya vipimo vya kamba, akauliza jina la Mwanamkuu linaandikwaje. Kisha akatoa amri, na Seifu akafunguliwa, akatoka kwa mlango wa mbele bila mtu kumwomba radhi.

Maelezo ya Candida yaliandikwa saa mbili usiku, katika chumba chenye meza moja na taa moja. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikataa chai. Alisema bila kusukumwa, akitazama mikono yake.

"Tulikuwa tunatoka mara moja moja, Jumapili, watu wakiwa wengi hakuna anayetazama. Siku ile watu wakaondoka kufuata tarumbeta. Tulipofika kwenye mkwaju yule kijana wa picha akasema, simameni hapo, bwana na bibi. Tarsis akasema hatutaki. Kijana akacheka, akasema nimeshapiga, nitaitundika ubaoni watu waone mke mzuri."

"Yeye alidhani wewe ni mke wa Tarsis."

"Ndiyo. Aliniita shemeji. Hakuwa na ubaya. Tarsis akalishika sanduku. Kijana naye akalishika. Wakavutana mpaka ukingoni. Ukanda ukakatika. Akaanguka kinyumenyume, kichwa kikagonga mzizi, akaingia majini na sanduku pamoja naye."

"Alikuwa amekufa?"

"Hapana. Aliibuka. Maji yalikuwa mengi, yamefika kwenye majani ya juu kabisa. Alishika mizizi kwa mkono mmoja. Damu ilikuwa inamtoka."

"Tarsis alifanya nini?"

"Alisema tuondoke. Alisema atatoka mwenyewe, vijana wa pwani wanajua kuogelea. Jumatatu habari zilipofika sokoni alikwenda kutazama. Akarudi akaniambia, mto umekauka, mawe yanapitika, sanduku liko ng'ambo. Akasema Mungu ametusaidia, sasa anajua la kusema."

Kalamu ya Kasmir iliendelea mpaka mwisho wa mstari. Mambo yote aliyokuwa ameyafikiri juu ya ukuta wa Kivukoni yalikuwa yamethibitika, moja baada ya jingine, na hakuona raha yoyote.

"Nassibu alisema neno lolote akiwa majini?"

"Alininyoshea mkono. Akasema, ‘Shemeji, nishike.’"

"Ulikuwa na kitu cha kumpa? Fimbo, nguo?"

"Nilikuwa na mtandio. Ule mrefu wa hariri, wa kanisani."

"Ulikuwa wapi?"

"Shingoni."

Taa ilipepesa, konstebo mlangoni akainuka kupandisha utambi. Kasmir alisubiri mwanga utulie.

"Ungemtupia, ungefika?"

Candida alipima umbali kwa macho, toka meza mpaka ukutani na kurudi.

"Ungefika," alisema.

Kasmir akaandika: *Ungefika.* Akamsomea maelezo yote tangu mwanzo, akamgeuzia karatasi, akampa kalamu.